Kuficha na Kusitiri

Kiswahili kinasema mvi zinaota. Hazitui kichwani kama vumbi, wala hazimwagiki kama chokaa. Zinaota, kama zinavyoota nyasi kandokando ya reli ya Mpanda mvua za Novemba zinapoanza. Kitenzi hichohicho tunakitumia kwa njozi za usiku, na tunakitumia tena kwa mtu aliyejisogeza karibu na moto. Nimeyatumia maneno haya kwa miaka mingi, katika mashairi yangu na katika tafsiri, bila ya kufikiri kwamba iko siku yatanihusu. Siku hiyo ilipofika nilikuwa nimevuka miaka 50, na jambo la kwanza nililolifanya ni kuzikataa.

Nataka nisimulie jinsi nilivyozikataa, na jinsi nilivyojifunza ndani ya saluni moja ya Mpanda tofauti ya vitenzi viwili ambavyo mfasiri wa umri wangu alipaswa awe anavijua zamani: kuficha na kusitiri.

Msomaji wa visiwani ambaye hajafika kwetu anahitaji kwanza kuujua mji wenyewe. Mpanda ni mwisho wa reli. Treni inayotoka Tabora huiacha njia kuu ya Kigoma pale Kaliua, ikashika kusini, ikakata misitu ya miombo kwa kilomita 200 na zaidi, hata ikafika mahali ambapo hapana tena pa kwenda. Njia hiyo ilijengwa katikati ya karne iliyopita kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa karibu na wakati wa uhuru, lakini treni ikabaki na watu wakabaki, baba yangu akiwa miongoni mwa wafanyakazi wa reli waliobaki. Mji ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Katavi na Mpanda ikawa makao yake makuu. Tangu hapo zimeongezeka ofisi, benki, nyumba za wageni na saluni za kiume.

Shule niliiacha darasa la saba. Kiingereza nilikiokota mwenyewe. Kifaransa nilifundishwa na mzee mmoja wa Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Alikuwa mwalimu huko kwao. Alinisomesha chini ya mwembe, kwa kitabu kimoja kisichokuwa na jalada. Nalitaja hili kwa sababu kinyozi nitakayemzungumzia ni mjukuu wa watu wa makazi hayo, ambao pamoja na wenzao wa Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya watu 160,000 kwa jumla, walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014.

Nilikuwa na kaka mmoja. Yeye aliota mvi akiwa na miaka 30 hivi. Zilianzia panjani, zikapanda, na alipofikia miaka 40 kichwa chake kilikuwa cheupe pe. Wataalamu wanasema watu wa asili ya Afrika aghalabu huanza kuota mvi katikati ya miaka ya arobaini, wakichelewa kwa muongo mmoja kuliko watu wa Ulaya. Kaka yangu aliitangulia hesabu yao. Wala hakuzionea haya. Alikuwa fundi cherehani sokoni, na wateja walimwita "mzee" kabla hajapata hata mjukuu. Watu waliomzidi umri walimwamkia "Shikamoo" kwa kukosea, naye akaitikia "Marahaba" kwa heshima zote, na wakishapita akacheka mpaka cherehani inasimama. Alifariki akiwa na miaka 54, kwa shinikizo la damu ambalo hakuna aliyejua kuwa analo.

Mvi zangu mimi zilichelewa. Zilipokuja, zilifuata njia ileile ya kwake: panja la kulia, panja la kushoto, kisha ndevu. Asubuhi moja nilijitazama kiooni, povu la sabuni likiwa mashavuni, nikamwona kaka yangu ananitazama. Nilikuwa na miaka 53. Kuijumlisha hesabu iliyobaki hakukuhitaji kalamu.

Hivyo basi nikanunua piko. Kina mama wa mwambao wanaijua piko kwa michoro ya harusini, inapochorwa pamoja na hina mikononi na miguuni. Wanaume tunaijua kwa vichwa vyetu. Ni unga unaokorogwa kwa maji, ukapakwa kwa mswaki mkuukuu, ukaachwa ushike, kisha ukaoshwa. Paketi niliyoinunua haikuwa na maelezo yoyote, nje wala ndani. Nikajifungia chumbani. Wahenga wamesema kinyozi hajinyoi. Mimi, nisiyekuwa hata kinyozi, nikajipaka mwenyewe. Nilipaka utosi, kichogo, panja, ndevu na sharubu. Sikuacha unywele mmoja mweupe.

Ilikuwa Ijumaa. Siku ya pili yake tulikuwa na safari ya Inyonga, kupeleka posa ya mtoto wa kwanza wa kaka yangu. Baba yake hayupo, kwa hiyo msemaji wa familia nilikuwa mimi, baba yake mdogo. Tulikwenda watu sita. Tulipokwisha kukaribishwa na kukaa, mzee wa upande wa binti alitupitishia macho mmoja mmoja. Akanifikia, akanipita. Kisha akasema, kwa upole kabisa:

"Karibuni sana, vijana. Na mzee wenu, mmemwacha njiani?"

Jamaa zangu wakainamisha vichwa. Mimi niliyekwenda kusema nikawa sina la kusema. Miaka yote nimejisifu kwamba naishi kwa maneno, na siku ile nilitambua kuwa katika baraza kama lile nusu ya maneno husemwa na kichwa kabla mdomo haujafunguka. Hatimaye nilijitambulisha, wakacheka, tukacheka, posa ikapokelewa. Mambo yangeishia hapo, nami ningeyasimulia kama kichekesho. Walakini tuliporudi usiku, shemeji yangu, mjane wa kaka, aliyebaki nyumbani kutusubiri, aliniletea maji ya kunawa, akanitazama kwa kitambo, akasema:

"Shemeji, tangu uanze kuota mvi, kila ukiingia mlango huu nilikuwa namwona mwenzangu. Leo umeingia, sikumwona."

Hakunilaumu. Alisema tu, kisha akaenda kupakua chakula. Nami nikafahamu kwamba kile nilichokificha mbele ya macho yangu kwa hofu, mwenzangu alikuwa akikitazama kwa faraja.

Jumapili kope zilivimba hata nikashindwa kufungua macho, na ngozi ya kichwa ikawaka kama iliyopigwa na upupu. Huko zahanati nilichomwa sindano, nikaulizwa nimejipaka nini. Baadaye nilisoma. Kiini cha rangi hizi nyeusi ni kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD. Chembe zake ni ndogo mno. Huingia ndani ya unywele zikiwa hazina rangi, na humo, zikishapata hewa au dawa ya kuzichochea, huungana zikawa nyeusi na kukwama. Ndiyo sababu hazitoki kwa sabuni. Mwili wa mtu mmoja huzivumilia miaka yote, wa mwingine huzikataa. Na mwili ukishazikataa hausahau, bali kila anayerudia hujiongezea madhara. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kiasi cha PPD kinachoruhusiwa kufika nyweleni hakizidi asilimia 2. Paketi yangu mimi haikusema ni asilimia ngapi.

Nywele huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi. Baada ya wiki sita nilikuwa na mashina meupe na ncha nyeusi, kama nguo iliyochovywa rangi upande mmoja. Ndipo nilipoingia katika saluni ya kijana yule wa Katumba, si mbali na stesheni: viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu, na kalenda ya mwaka uliopita.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nataka zionekane za kweli."

"Zipi, mzee wangu? Nyeusi au nyeupe?"

Nilinyamaza. Akanigusa panja kwa ncha ya kidole, akauliza kama nimewahi kuvimba. Nikamweleza. Papo hapo akaifunika bakuli yake ya rangi, akasema kwamba dawa ile mimi sitapakwa tena na yeye wala na mtu mwingine, na kama sina haraka nikae kwenye benchi, ampokee mteja aliyekuwa akisubiri. Nikakaa. Yaliyofuata ni somo, ingawa hakukusudia kunisomesha.

Mteja alikuwa mtu wa makamo aliyevaa shati la kazini. Siku mbili kabla alikuwa amekwisha kupakwa tone la rangi nyuma ya sikio, akaambiwa aende, arudi. Kinyozi alilitazama sikio hilo kwanza, akaridhika. Kisha akamzungushia mafuta ya mgando kuanzia paji la uso hadi masikioni na shingoni, ili rangi isiishike ngozi. Mteja akajiegemeza, akafumba macho, akasema: "Mwanangu, nisitiri."

Kijana hakuchukua nyeusi. Alikoroga kahawia iliyokoza, inayokaribia weusi bila kuufikia, na nilipomuuliza sababu alisema kwamba weusi wa ujana haukai vizuri juu ya uso uliokwisha kuishi. Alianza na kichogo, akapanda utosini. Panja aliziacha mpaka mwisho, akazipitishia meno ya kitana tu, si mswaki, kwa namna ambayo nywele nyingine zilipata rangi na nyingine zikaikosa. Utosi aliupa muda wake kamili. Panja alizipa dakika tano, akaziosha. Ndevu hakuzigusa, maana alisema ngozi ya uso ni nyepesi kukasirika, tena ndevu hukua haraka na kuitoa siri nje. Mteja alipoinuka hakuonekana kijana. Alionekana yeye mwenyewe, baada ya usingizi mzuri.

"Mbona umeziacha?" nikauliza, nikionyesha weupe wa panjani.

"Mzee wangu, ukizimaliza zote watu watazitafuta. Ukiacha mbili tatu mahali wanapotazama, hakuna atakayetafuta."

Alikuwa amesema jambo ambalo jicho linalijua na ulimi hausemi. Tunaziita mvi kana kwamba ni rangi moja, lakini ukiuchukua unywele mmoja mmoja, mwingi utaukuta ama mweusi ama umekuwa mweupe kwa kuwa shina lake limeacha kutengeneza rangi. Mchanganyiko hufanywa na macho ya mtazamaji. Anayefuta weupe wote ameufuta mchanganyiko, na kichwa kisichokuwa na mchanganyiko juu ya uso wenye mikunjo huonekana kama kofia ya lami.

Nikiwa pale kwenye benchi nikayakumbuka madini ya mji wetu. Risasi ya Mpanda ilitoka ardhini ikiwa imeungana na salfa, jiwe zito linalong'aa liitwalo galena. Tangu zama za Wagiriki na Warumi risasi imetumiwa kuzigeuza mvi, na katika karne ya 20 iliuzwa Marekani dawa ya wanaume yenye chumvi ya risasi, asetati. Mtu alijipaka kidogo kila siku; risasi ikakutana na salfa iliyomo ndani ya unywele wenyewe, na taratibu, kwa wiki kadhaa, unywele ukawa mweusi. Weusi huo kikemia ni kitu kimoja na kile kilichopakiwa mabehewani hapa Mpanda. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba haikuja ghafla, hata jirani asijue ni lini mabadiliko yameanza. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 1980, na mwaka 2018 ikatangaza kuifuta idhini, kwa sababu hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama mwilini. Wanaume walitaka kuuzuia uzee bila kuonekana, wakaubeba mzigo ambao nao haukuonekana.

Hilo neno la mteja, "nisitiri", nilitoka nalo. Mwivi hujificha, mtu mwenye dhiki husitiriwa. Kitu kilichofichwa kinakusudiwa kisijulikane kabisa, na anayekiona amemshinda aliyekificha. Kilichositiriwa huenda kila mtu anakijua, ila wamekubaliana kukipa heshima yake. Nyumba husitiri familia ambayo mtaa mzima unaijua. Marehemu naye tunasema tumemsitiri, na hakuna kaburini siri yoyote. Kaka yangu tulimsitiri. Mimi niliyekwenda na piko nilikuwa nikimficha.

Wasomaji wa visiwani wataikumbuka habari ya Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, aliyeletwa siku ya kufunguliwa Makka akiwa na kichwa na ndevu nyeupe kabisa, ikaamrishwa zigeuzwe, na weusi uepukwe. Juu ya weusi huo wanazuoni wamehitilafiana, nami si mtu wa kuingia kati yao. Ninachokiona ni kwamba hata pale palipopendekezwa rangi, mzee aliachwa abaki mzee.

Wala simcheki anayezificha zote. Uzee si heshima kila mahali. Katika mikoa yetu ya magharibi na ile ya Kanda ya Ziwa wameuawa vikongwe, wengi wao wanawake, kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi wenyewe ukawa ni macho mekundu. Macho hayo yaliharibiwa na moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu zao kwa miaka hamsini. Miili yao ilisomwa kama maandishi, ikasomwa vibaya, na hapakuwa na mfasiri. Pia wako wanaume wanaotafuta kazi ya ulinzi au udereva ambao unywele mmoja mweupe unatosha kuwarudisha nyumbani. Mtu wa namna hiyo akisema "nisitiri", anajua anachokiomba.

Nami nilipotazama kazi zangu nikaiona piko yangu nyingine. Tafsiri zangu za mwanzo kutoka Kifaransa zilikuwa nyeusi tii. Palipokuwa na theluji niliweka umande. Mkate niliugeuza ugali. Mtaa wa mji wa baridi nikaufanya kijiji cha kwetu. Msomaji mmoja alinisifu kwamba haionekani kabisa kuwa ni tafsiri, na sifa hiyo niliitembeza mwaka mzima. Leo naona kwamba nilimchukua mzee wa watu, nikampeleka barazani bila mvi zake, na waliomkaribisha wakamwita kijana. Siku hizi theluji naiacha panjani. Msomaji asomapo ukurasa wa kwanza anajua yuko na mgeni, basi hahangaiki kumtafuta mgeni katika kurasa zilizobaki.

Zamu yangu ilipofika, kijana alichukua mashine tu. Alizikata ncha zote zenye piko, akapunguza pembeni mpaka karibu na ngozi, mahali mvi zinapokuwa nyingi na pia zinapoonekana haraka. Huko weupe ukapungua nguvu. Juu aliacha kidogo, nyeusi na nyeupe zikiwa pamoja. Ndevu alizichonga, akaziachia rangi yake. Hakunipaka kitu chochote. Niliinuka nikiwa na mvi zangu zote ambazo mashine haikuzikata, zikiwa zimesitiriwa.

Harusi ilifanyika Inyonga mwaka uliofuata. Mzee yule wa upande wa binti alinishika mkono, akanitazama kichwani, akawageukia wenzake: "Kumbe mzee walikuwa naye!" Shemeji yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema neno, ila nilimsikia akicheka, na ni muda mrefu nilikuwa sijamsikia.

Sasa nina miaka 57. Nimempita kaka yangu kwa miaka mitatu. Mimi mdogo nimekuwa mkubwa kwake, jambo ambalo lugha yetu haijanipa neno la kuliita. Kwa hesabu ya miaka, yeye ndiye ambaye angepaswa kuniamkia. Lakini kila asubuhi, nikiwa na povu mashavuni, nikimwona amesimama ndani ya kioo, mimi ndiye ninayesema shikamoo.